Bwawa Moja, Taarifa Tatu

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa hupita Mlowa, Fufu na Chipogoro, kisha hushuka hadi kwenye ukuta wa Bwawa la Mtera. Upande mmoja maji yametanda mbali kuliko macho yanavyofika. Upande wa pili Mto Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kuelekea Kidatu. Kabla ya kuvuka ukuta uko Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Ukishavuka uko Wilaya ya Iringa, na kijiji kikubwa kinachofuata ni Migoli. Maji yanapotanuka kuelekea kaskazini na magharibi yanagusa ardhi ya Wilaya ya Chamwino. Bwawa ni moja, halmashauri ni tatu, mikoa ni miwili.

Hata jina lenyewe limegawanyika. Kata ya Mtera iko Mpwapwa, ndani ya Jimbo la Kibakwe. Jimbo lililoitwa Mtera kwa miaka mingi lilikuwa upande wa Chamwino, likiongozwa na John Malecela, Waziri Mkuu wa mwaka 1990 hadi 1994, kisha tangu 2010 na Livingstone Lusinde, aliyemshinda Malecela katika kura za maoni za CCM. Tangu 2020 jimbo hilo linaitwa Mvumi.

Kila robo mwaka madiwani wa halmashauri hizi hukutana katika vikao vyao, kila mmoja na taarifa ya kata yake mkononi: madarasa yaliyokamilika, zahanati iliyoezekwa, visima vilivyochimbwa, barabara iliyochongwa, kero zilizobaki, vipaumbele vya robo inayofuata. Mwenyekiti wa halmashauri husoma yake, mkurugenzi mtendaji yake, na mbunge akija jimboni naye huja na orodha yake. Taarifa hazikosekani. Swali linalostahili kuchambuliwa ni zinamfikia nani, zinapima nini, na kwa nini jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya watu wa Mtera, yaani maji yale, huwa halina mahali pa kukaa ndani yake.

Nianze na nani anayesomewa, maana hapo ndipo historia ilipoacha alama.

Ugogoni, nchi ya Wagogo, taarifa za maendeleo zimezoea kupanda. Enzi za Mwingereza zilipita kwa mtemi, kama Mazengo wa Mvumi ambaye jina lake lilikuja kupewa shule maarufu ya sekondari mjini Dodoma, zikaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bomani: kodi iliyokusanywa, mifugo iliyohesabiwa, dalili za njaa. Njaa haikuwa jambo la karatasi tu. Wagogo bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana. Taarifa za wakati ule ziliandikwa ili mkubwa ajue. Mkulima aliyehesabiwa ndani yake hakusomewa.

Uhuru ulibadilisha waliokaa juu, ila mwelekeo wa karatasi ukabaki uleule. Mwaka 1971, baada ya ukame mkali, ilianza Operesheni Dodoma, na mkoa huu ukawa miongoni mwa ya kwanza nchini kuhamishia wananchi wake katika vijiji vya ujamaa kwa kampeni. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliweka kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Kipimo cha mafanikio kikawa vijiji vilivyoanzishwa na kaya zilizohamia, na hesabu hizo zilikwenda mkoani na katika Chama. Mwaka uliofuata, 1972, mfumo wa Madaraka Mikoani ulifuta halmashauri za wilaya. Kwa karibu muongo mzima hakukuwa na halmashauri ya wilaya ya kumsomea mtu chochote, kwa sababu kazi zilishikwa na maofisa wa Serikali Kuu.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha, zikaanza kazi mwaka 1984. Katiba, ibara ya 145 na 146, ikatamka kwamba kuwapo kwake ni kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Hapo mwelekeo uligeuzwa, angalau kwenye maandishi. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio chombo cha juu cha kijiji na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwa mkutano huo. Ajenda ambayo kila mwanakijiji wa Tanzania anaijua kwa jina ni mapato na matumizi. Ikisomwa, mkutano unachangamka. Isiposomwa kwa mwaka mzima, mwenyekiti anaanza kupoteza usingizi.

Kwa hiyo sheria inataka taarifa ishuke, na miaka mingi ya mazoea inaitaka ipande. Mtendaji wa kijiji humwandikia mtendaji wa kata, mtendaji wa kata humwandikia mkurugenzi, mkurugenzi huwaandikia mkoa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Juu ya hayo kuna taarifa ya utekelezaji wa Ilani ya uchaguzi inayokwenda kwenye vikao vya chama. Nguvu, muda na karatasi nyingi huishia katika safari hiyo ya kwenda juu. Inayoshuka mara nyingi ni hotuba, na hotuba haina safu ya mapato wala safu ya matumizi.

Tuingie ndani ya taarifa zenyewe. Zina mambo ya kweli na makubwa, na mtu asiyeyakiri hawatendei haki watu wa vijiji hivi. Barabara niliyoanza nayo ni sehemu ya ile njia ndefu ya bara zima, kutoka Cape Town hadi Cairo, na kwa vizazi kipande cha Mtera kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Mvuvi wa Mtera anayeuza perege na kambale kando ya ukuta anajua lami hiyo imemletea nini: basi linasimama, mteja ananunua, samaki anafika Dodoma kabla hajaharibika. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na shule zikafurika watoto. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20, na ni vigumu kupata kata Dodoma ambayo haikupata lake. Mwaka huohuo tozo ya miamala ya simu, pamoja na manung'uniko yote iliyozua, ilipeleka fedha za kujenga vituo vya afya katika tarafa zilizokuwa hazina. Kuunganishiwa umeme kijijini kulishushwa hadi shilingi 27,000.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililoamuliwa na baraza la madiwani. Barabara ni ya TANROADS na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisaidia kuigharamia. Madarasa yalitoka Hazina yakiwa na mchoro, bei na tarehe ya mwisho. Umeme ni kazi ya REA na TANESCO. Mfano ulio wazi zaidi uko Chamwino: Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 2018 na kuagiza fedha zake, karibu shilingi bilioni moja, zikajenge hospitali. Ndiyo Hospitali ya Uhuru inayohudumia wilaya hiyo leo. Uamuzi ulikuwa mzuri na matunda yake yanaonekana. Lakini diwani anapoiingiza katika taarifa yake kama mafanikio ya kipindi chake, anaripoti jambo lililomshukia. Hakulipanga na wala hakuwa na uwezo wa kulizuia.

Ukiliona hilo, muundo mzima wa taarifa unaeleweka. Mwaka 2017 barabara za wilaya na vijiji ziliondolewa halmashauri zikapewa TARURA. Mwaka 2019 Sheria Namba 5 ilianzisha RUWASA, na maji vijijini nayo yakatoka mikononi mwa mkurugenzi wa halmashauri. Sababu za mageuzi hayo zilikuwa na uzito. Wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika, fedha za barabara zilihamishiwa matumizi mengine, visima vilikufa mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa. Mwaka 2021 TARURA ilitengewa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, kiasi ambacho halmashauri zisingekipata zenyewe. Sisemi turudi kule tulikotoka.

Tatizo ni kwamba mwananchi bado anamkabili diwani. Maji yakikatika Fufu, au kivuko kikichukuliwa na korongo kati ya kitongoji na shule, mama wa Kigogo hamtafuti meneja wa RUWASA wa wilaya wala mhandisi wa TARURA. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anakwenda kwa diwani. Diwani anapeleka malalamiko hayo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye baraza, ambako maofisa wa taasisi hizo hualikwa kujieleza. Wakijibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, baraza halina bajeti ya kuwabana. Matokeo yake ni taarifa inayojaa maneno kama "limewasilishwa", "linafuatiliwa" na "fedha zimetengwa". Diwani hadanganyi anapoandika hivyo. Ndiyo mamlaka yote aliyo nayo.

Hapa kuna kasoro ambayo ingeweza kurekebishwa kesho asubuhi bila kubadili sheria hata moja. Fedha zilizotengwa ziko katika kitabu cha bajeti. Fedha zilizopokelewa ziko katika akaunti. Fedha zilizotumika ziko katika hati za malipo. Halafu kuna hatua ya nne, ambayo mwananchi ndiye anayeijua kuliko mhasibu yeyote: je, kile kitu kinafanya kazi? Taarifa nyingi huyachanganya haya kana kwamba ni jambo moja. Kisima kilichotengewa fedha mwaka jana kinaweza kuonekana katika mafanikio ya mwaka huu na katika vipaumbele vya mwaka ujao, huku pampu haijafungwa. Boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi, kwa mchanga uliosombwa na kina mama na tofali zilizochomwa na vijana, linaweza kuhesabiwa kama zahanati miaka mitano kabla ya kupata bati, na miaka saba kabla ya kupata mganga.

Kuhusu maboma nina neno la ziada, maana ndiyo sehemu inayoniuma. Utaratibu unajulikana: wananchi wanaanza, Serikali inamalizia. Katika wilaya zenye mvua na kahawa, kijiji kinaweza kuchanga hadi kwenye linta na kusubiri bila kuumia sana. Huku mvua ya Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, kuelekea Mtera inapungua zaidi, na yote inaangukia msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili. Watu wanaishi kwa uwele, mtama, karanga, ufuta na mifugo. Mchango wa shilingi elfu kumi unatoka kwenye debe la chakula ambalo lingetakiwa Februari, mwezi ambao maghala yamekauka na mazao mapya bado machanga. Boma lililoachwa kwenye linta, likinyeshewa hadi kuta zikaanza kupasuka, ni chakula cha watu kilichoachwa kuoza. Taarifa ya kiongozi isiyotaja maboma yote ya kata, tarehe yalipoanza na kiasi wananchi walichotoa, inawanyima watu hao hesabu ya jasho lao.

Sasa bwawa. Lilijengwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 na kukamilika mwaka 1980, mahali Ruaha Mkuu unapokutana na Kisigo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya masika ili Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, isizime wakati wa kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza mwaka 1988. Likijaa, bwawa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Kiwango cha maji yake kinasomwa kwa mita juu ya usawa wa bahari: 698.5 likiwa limejaa, na 690 ndicho kiwango cha chini ambacho mitambo inapaswa kusimama. Tofauti ni mita nane na nusu. Kwa kuwa nchi ile ni tambarare, kila mita inayoshuka inaacha wazi ardhi kubwa, na kila mita inayopanda inaimeza tena.

Kwa injinia wa TANESCO namba hizo ni umeme. Kwa mwanakijiji wa pembeni ni kila kitu kingine. Maji yakirudi nyuma, ardhi yenye unyevu inabaki, watu wanalima mahindi na mboga huku mashamba ya juu yamekauka, na ng'ombe wanafuata majani mabichi hadi palepale penye mahindi. Hapo ndipo ugomvi wa mkulima na mfugaji unapoanzia. Mvuvi naye anaburuta mtumbwi mbali zaidi kila wiki, samaki wanasongamana katika maji machache, na nyavu za matundu madogo zinamaliza vifaranga. Maji yakirudi kwa kasi, mazao ya pembezoni yanazama. Mamba na viboko wanapanda na kushuka pamoja na ukingo.

Kiwango hicho hakiamuliwi Mtera. Kinaamuliwa kwanza na Usangu, kule Mbarali na Ihefu, ambako mashamba ya mpunga na mifugo vimebadilisha mtiririko wa Ruaha kiasi kwamba tangu 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha katika miezi ya kiangazi. Kisha kinaamuliwa na gridi ya taifa, yaani lini mlango ufunguliwe na maji kiasi gani yashuke Kidatu. Oktoba 2015 ukame ulipofika kilele, mitambo ya umeme wa maji nchini, ikiwamo ya Mtera, ilizimwa kwa kukosa maji, na taifa zima likajadili megawati. Ni wachache waliojadili wavuvi. Vibali vya matumizi ya maji viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Uvuvi unasimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003, huku kila halmashauri ikikusanya leseni na ushuru upande wake.

Ndiyo maana taarifa tatu za bwawa moja hazikutani. Ya Mpwapwa inaweza kusema doria ya nyavu haramu imefanikiwa wakati wavuvi wamehamia tu ng'ambo ya pili. Ya Iringa inaweza kupongeza mapato ya mialo ya Migoli katika mwaka ambao samaki wamevuliwa kupita kiasi. Ya Chamwino inaweza kulalamikia mifugo iliyovamia mashamba bila kutaja kwamba malisho yalizama. Kila diwani yuko sahihi ndani ya mipaka ya kata yake, na wote kwa pamoja wanakosa kuona kinachotokea. Sheria inaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja. Kama kuna mahali Tanzania panapohitaji kikao cha pamoja cha halmashauri, kinachokaa angalau mara moja kila mwaka mbele ya TANESCO, Bodi ya Bonde na vikundi vya usimamizi wa uvuvi (BMU) vya pande zote, na kutoa taarifa moja ya bwawa, basi ni hapa. Ningeanza na kipengele kimoja tu: kiwango cha maji cha kila mwezi, na kinachotarajiwa miezi mitatu ijayo, kibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kijiji kando ya maji. Hakuna gharama hapo, na mtu anayetaka kupanda mahindi ukingoni angejua kama anabeba hatari au la.

Vipaumbele vya upande wa juu wa Wilaya ya Chamwino ni tofauti kidogo, na taarifa nzuri ingeruhusu tofauti hiyo ionekane. Mvumi ina kumbukumbu ya pekee. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 huko Kondoa, ulifika Mvumi na mwaka 1986 ukaondoa mifugo katika eneo hilo ili ardhi iliyochimbwa na makorongo ipumue. Uoto ulirudi, na waliotakiwa kuhamisha ng'ombe wao walibeba gharama. Siku hizi shirika la LEAD Foundation linahimiza Kisiki Hai, yaani kuchagua na kupogoa machipukizi ya miti iliyokwisha kukatwa badala ya kupanda miche inayokufa Agosti. Njia hii inaheshimu akili ya mkulima na hali ya hewa ya nchi yake. Lakini utaitafuta mara ngapi katika orodha ya mafanikio? Taarifa hupenda vitu vinavyofunguliwa kwa utepe. Lambo lililochimbuliwa upya, josho linalofanya kazi, mpango wa matumizi bora ya ardhi uliokubaliwa na vijiji viwili jirani baada ya miezi ya mabishano: haya hayana utepe, ila ndiyo yanayoamua kama watu watakula.

Kuhusu fedha za halmashauri yenyewe sitachukua nafasi kubwa, kwa sababu ni chache. Sehemu kubwa ya bajeti za halmashauri zetu 184 inatoka Serikali Kuu ikiwa na masharti tayari. Zilizobaki ni ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, kwa manufaa ya mkulima na maumivu ya halmashauri, pamoja na leseni, minada na ushuru wa samaki. Kati ya hizo, asilimia 10 ni za mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika marejesho mabovu na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024. Hapa taarifa ya kiongozi ina uwezo kamili wa kusema kila kitu, kwa sababu fedha ni za halmashauri yake: kikundi gani kilipewa, kiasi gani, kimerudisha kiasi gani. Vilevile kodi za kero zilipofutwa mwaka 2003, Serikali iliahidi fidia ambayo asilimia 20 yake ilipaswa kufika vijijini. Wenyeviti wa vijiji wameiulizia kwa miaka mingi. Kijiji kisicho na fedha yake mwenyewe hakiwezi kuwa na kipaumbele. Kinachoweza kuwa nacho ni ombi.

Majirani wamejaribu njia zao. Nchini Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka gavana atoe kila mwaka hotuba ya hali ya kaunti mbele ya bunge la kaunti, pamoja na ripoti ya utekelezaji wa mipango. Inasaidia kuwa na siku inayojulikana, ingawa hotuba inabaki hotuba. Uganda ndiyo iliyotupa somo zito zaidi. Utafiti uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 uligundua kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku iliyotumwa kwa shule za msingi, wastani wa 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichopokelewa. Sehemu iliyofika ikapanda sana katika miaka iliyofuata. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko kilitokana na matangazo hayo na kiasi gani na usimamizi mwingine, lakini hakuna anayebisha kwamba mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa alikuwa na swali la kuuliza.

Swali hilo lina uzito zaidi kwetu leo kwa sababu ya hali ya vyombo vya kuuliza. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, huku vyama vya upinzani vikipinga jinsi ulivyoendeshwa. Vyovyote mtu anavyousoma uchaguzi huo, matokeo yake kikazi ni kwamba mwenyekiti, diwani na mbunge wa eneo moja karibu wote wanatoka chama kimoja, na wanaripoti kwenye vikao vilevile. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti yake kila mwaka, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi. Lakini ukaguzi huo unakuja mwaka mmoja au miwili baadaye na unaishia ngazi ya halmashauri. Hakuna mkaguzi wa taifa atakayekuja kuhesabu mifuko ya saruji ya boma la Chipogoro. Aliyebaki na nafasi hiyo ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na nguvu yake ni ya kisheria.

Wenyeviti na madiwani nao wanahitaji kutendewa haki katika hili. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Diwani ana posho, na kata yake ina vijiji vilivyotawanyika kwa umbali wa pikipiki ya saa nzima. Kumtaka aeleze kila kitu bila kumpa taarifa ni kumwonea. RUWASA, TARURA na REA wangetakiwa kumpa kila robo mwaka karatasi moja kwa kila kata: kilichopangwa, kilichopokelewa, kilichofanyika, na jina na cheo cha ofisa wa kuulizwa. Diwani akiisoma kijijini hana sababu ya kuficha lolote, na lawama itakwenda mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji unayeishi Mtera, Fufu, Migoli au kijiji kingine chochote cha nchi hii: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba hesabu za miradi ya kijiji chako, na mkutano mkuu unaofuata hauhitaji mwaliko wako binafsi. Nenda. Taarifa ikisomwa, uliza fedha zilizopokelewa ni kiasi gani, uliza boma lilianza mwaka gani, na kama unaishi kando ya bwawa uliza maji yatakuwa mita ngapi mwezi Novemba. Ukijibiwa kwamba hilo liko nje ya kata, omba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la ofisi inayopaswa kujibu.